Mashine Mpya, Mfumo wa Zamani



Ukifika Songea ukaulizia Matogoro, wapo watakaokuonyesha milima, na wapo watakaokuonyesha chuo. Milima ndiyo chimbuko la Mto Ruvuma, ambao mbele ya safari hugeuka kuwa mpaka wetu na Msumbiji. Chuo ni Chuo cha Ualimu Matogoro. Leo naanzia chuoni, maana vyuo vya ualimu ni mahali pazuri pa kuitazama habari ya kompyuta katika nchi yetu.

Kuanzia mwaka 2005 Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Sweden, ilianza kupeleka kompyuta katika vyuo vya ualimu vya Serikali, navyo vilikuwa 34. Wakati ule kompyuta nyingi hapa nchini ziliendeshwa na Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Huo ndio unaoitwa mfumo endeshi, yaani programu mama: huamka mashine inapowashwa, hujua kibodi iko wapi na diski iko wapi, na programu nyingine zote hupiga hodi kwake. Walimu na makarani wengi wa mikoani walijifunzia hapo, na kazi zao wakazijenga juu yake.

Lakini mashine nazo hufa. Songea kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli, hadi gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2018, na umeme wa kukatika na kurudi hauna huruma na kompyuta. Ikifa moja hununuliwa nyingine, na dukani hakuna anayeuza mashine mpya ya muundo wa miaka kumi iliyopita. Ndipo ofisi inapogundua kwamba programu yake ya hesabu, au ile printa yake kubwa, haipatani na mfumo mpya. Fundi anaitwa, naye anaambiwa: tuwekee ile ya zamani.

Kazi hiyo si ndogo. XP haiwajui wasimamizi wa diski wa kisasa. Fundi akianza kuiweka, skrini inageuka bluu na safari inaishia hapo. Dawa iliyowekwa na watengenezaji wenyewe ilikuwa kubonyeza kitufe cha F6 na kuilisha mashine programu ya diski kutoka katika flopi. Sasa nioneshe kompyuta mpya yenye mlango wa flopi! Fundi mjanja huingia katika mipangilio ya ndani kabisa na kuiambia mashine ijifanye ina diski ya kizamani, kama mashine hiyo bado inaruhusu kujifanya.

Windows 7 ya mwaka 2009 ina kioja chake. Katika mashine nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2015, kazi huanza vizuri, skrini inauliza unataka lugha gani, nawe unakuta kibodi na mausi vimekufa vyote viwili. Havijaharibika. Vimechomekwa katika milango ya USB ya aina mpya ambayo mfumo ule haukuzaliwa ukiijua. Lazima kwanza uchukue mashine nyingine, uzipachike programu za milango hiyo ndani ya flashi ya kuwekea mfumo, ndipo urudi kuanza upya.

Watu wa mjini wakiyasikia haya huyaita ushamba. Historia inasema vingine.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta zake mpya za System/360. Wateja wake walikuwa na maelfu ya programu zilizoandikwa kwa mashine ya zamani, 1401, nao hawakuwa tayari kuzitupa. IBM haikuwacheka. Baadhi ya mashine mpya ilizipa uwezo wa kuigiza ile ya zamani, programu zikaendelea kama kwamba hakuna kilichobadilika. Kampuni ya Kiingereza ya ICL ilipotoa kompyuta za 2900 mwaka 1974, nayo ilikuta wateja wameung'ang'ania mfumo wao wa zamani, ulioitwa George 3. ICL ikalazimika kuifanya 2900 ijifanye mashine ya enzi iliyopita, ili George akae ndani yake. Mzigo wa kuunganisha jipya na la kale ulikuwa juu ya mwenye kiwanda.

Kwetu mwaka huo huo wa 1974 una sura nyingine. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. ICT ndiyo kampuni iliyokuja kuungana na nyingine mwaka 1968 ikawa ICL. Hazina ilipohamishia hesabu zake katika kompyuta, hesabu zilivurugika, na wataalamu wa kuzinyoosha walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Kwa hiyo mwaka ambao Uingereza mashine mpya ilifundishwa kuzungumza lugha ya zamani, hapa mashine yenyewe ndiyo iliyofungiwa mlango. Mimi naona waliotoa amri ile walikuwa na hoja, fedha za kigeni zilikuwa adimu na hasara ilionekana kwa macho. Lakini tulipoteza miaka ya kuwafunza mafundi, na upungufu huo tuliulipa baadaye.

Turudi kwa fundi wa Songea. Enzi za kompyuta ndogo za mezani, mzigo ulihama kutoka kiwandani ukamwangukia yeye. Januari 2016 Microsoft ilitangaza kwamba chipu za vizazi vipya zitahudumiwa na Windows 10 peke yake. Ilipofika Aprili 2017, mwenye Windows 7 juu ya chipu hizo alianza kunyimwa marekebisho ya usalama, ingawa Windows 7 yenyewe ilikuwa ihudumiwe hadi Januari 2020. Mfumo ulikuwa hai, mashine ilikuwa hai, ndoa yao ndiyo iliyokataliwa.

Hatari yake si ya kubuni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo. Microsoft ilibidi itoe kinga hata kwa XP, ambayo ilikuwa imeachwa tangu Aprili 2014. Ofisi iliyoweka orodha ya mishahara au alama za wanafunzi katika mashine isiyopata marekebisho, kisha ikaiunganisha na intaneti, imelala mlango wazi.

Ndiyo maana napendelea ile njia ya IBM na ICL, ambayo leo haidai kiwanda. Mashine mpya inawekewa mfumo mpya, na ndani yake inatengenezwa kompyuta ya kuigiza, humo XP inakaa na programu yake ya hesabu bila kuguswa na intaneti. Microsoft yenyewe iliwapa wenye Windows 7 ya maofisini XP ya namna hiyo mwaka 2009. Fundi anayetaka kumbukumbu ya kutosha katika mashine kwa ajili ya kazi hiyo asionekane mtu wa gharama.

Na sasa shida imegeuka upande wa pili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 inazikataa kompyuta nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2018. Shule zetu nyingi zinatumia kompyuta za mitumba. Safari hii mfumo mpya ndio unaoikataa mashine ya zamani, na mafundi wameshaanza kuujua mlango wa uani wa kuuingiza.