Taa ya Mkononi: Tulikotoka na Tunachonunua



Jumamosi iliyopita nilikuwa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, pamoja na mpwa wangu. Kijana huyu amenunua Hiace kuukuu, ameng'oa viti vya nyuma na kuweka kitanda, meza ndogo na tangi la maji. Anakusudia kuwachukua wageni hadi porini na ufukweni, walale humo humo garini, mahali ambapo nguzo ya umeme haionekani. Tulisimama mbele ya duka lililojaa taa za kuchaji za kila rangi na kila bei, akaniuliza: "Mjomba, hapa ninunue ipi?"

Sikumjibu upesi. Nilikuwa nimemkumbuka mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye alikuwa na makovu ya moto mkononi na shingoni mpaka siku tulipomzika. Jioni moja katika miaka ya 1980 alijaza kibatari, akawasha kiberiti, na kibatari kikalipuka. Mafuta yale ya taa yalikuwa yamechanganywa na petroli. Aliyeyachanganya hakujulikana, wala hakuna aliyemtafuta.

Kwa hiyo swali la kijana yule, ndugu wasikilizaji, si la dukani tu. Kila taa tuliyowahi kuishika ilikuja na faida yake na hatari yake, na aliyelipia hatari hiyo mara zote alikuwa mtu mwenye fedha kidogo. Hebu tuitazame safari hiyo.

Mafuta ya taa yenyewe si ya kale sana. Mwaka 1846 Abraham Gesner wa Kanada alionyesha hadharani mafuta aliyoyapata kwa kuyachemsha makaa ya mawe. Mwaka 1853 mfamasia wa Poland, Ignacy Łukasiewicz, aliunda taa iliyotumia mafuta yaliyosafishwa kutoka ardhini, ikatumika kumulika upasuaji wa usiku katika hospitali ya mji wa Lviv, ambao leo uko Ukraine. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Mmarekani John Irwin akabuni taa yenye mirija miwili ubavuni, inayopeleka hewa kwenye utambi bila kuruhusu upepo uuzime. Kampuni ya Dietz ya New York ikaisambaza taa hiyo ulimwenguni. Hiyo ndiyo chemli yetu, ambayo watu wa pwani huiita kandili.

Lakini chemli ilikuwa na bei yake, na kioo chake kikivunjika kinahitaji kununuliwa kingine. Asiyeweza aliwaendea mafundi bati, wakamtengenezea kibatari kwa mkebe mtupu na kipande cha utambi. Kibatari hakina kioo wala kizuizi. Mwanga wake ni kama wa mshumaa mmoja, moshi wake unaingia mapafuni, na kikiangushwa na mtoto kinaweza kuteketeza nyumba. Mkebe ulikuwa rahisi, lakini mafuta yalinunuliwa kila jioni, kwa kipimo kidogo na kwa bei ya rejareja. Bandu bandu huisha gogo. Hili ndilo somo la kwanza: bei ya taa ni kitu kimoja, na bei ya mwanga ni kitu kingine.

Kisha kuna karabai. Jina hili latokana na kabidi, yale mawe ambayo yakitiwa maji hutoa gesi inayowaka. Baadaye jina likahamia kwenye taa ya pampu inayotumia mafuta ya taa. Siri ya weupe wake ni kile kifuko cha nyuzi kinachong'aa kikipata moto, kilichobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria katika miaka ya 1880. Taa ya pampu ya Petromax ilitoka Berlin kwa Max Graetz, yapata mwaka 1910. Nani kati yetu wa umri wangu asiyekumbuka ule mvumo wake kwenye maulidi, kwenye arusi, au ziwani Viktoria na Tanganyika, ambako wavuvi wa dagaa waliufanya usiku kuwa kama mji juu ya maji? Karabai ilitoa mwanga wa kutosha uwanja mzima, lakini ilitaka mtu anayeijua. Asiyeijua aliunguza nyusi.

Tochi, au kurunzi, nayo ilipata hataza nchini Marekani mwaka 1899, kwa jina la David Misell. Betri za wakati huo zilikuwa dhaifu kiasi kwamba taa iliwashwa kwa nukta chache tu, kisha ikapumzishwa. Huku kwetu tochi ilienea pamoja na redio, maana zote mbili zilikula betri zile zile. Nakuru, Kenya, kulikuwa na kiwanda cha betri za Eveready kilichofungwa mwaka 2014. Sote tulianika betri juani tukitumaini zitafufuka, na zilipokataa tulizitupa jalalani, na sumu yake ikabaki kwenye udongo.

Betri ya kuchaji si jambo geni kama tunavyodhani. Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi na tindikali mwaka 1859, na Waldemar Jungner wa Sweden akaja na ya nikeli na kadimi mwaka ule ule wa 1899. Ya risasi ilikuwa nzito, na ukiiacha imeisha chaji kwa muda mrefu inakufa. Ya kadimi ilikuwa nyepesi zaidi, lakini kadimi ni sumu. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1991, Sony ya Japani ilipoanza kuuza betri za lithiamu. Miaka miwili baadaye, Shuji Nakamura, akiwa katika kampuni ya Nichia huko huko Japani, alitangaza balbu ndogo ya LED yenye mwanga mkali wa buluu, na kutokana nayo ukapatikana mwanga mweupe unaotumia umeme kidogo sana. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na Wajapani wenzake Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Ukiongeza na kidirisha cha sola, ambacho maabara ya Bell ya Marekani ilikionyesha mwaka 1954, unaipata taa iliyokuwa mbele yetu Kariakoo.

Hata hivyo, taa ya kuchaji bila mahali pa kuchajia ni kopo tu. Waulizeni ndugu zetu wa Unguja. Mwezi Mei 2008 umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Ukakatika tena Desemba 2009, na haukurudi mpaka Machi 2010. Taa iliyotegemea plagi ya ukutani ilizimika pamoja na ukuta wake. Hilo ni somo la pili.

Somo la tatu ni la uongo wa sokoni. Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa, uliopima taa za sola na kuzitenganisha nzuri na mbovu, kwa sababu soko lilikwisha kujaa zinazokufa baada ya miezi michache. Mtu aliyedanganywa mara moja hurudi kwenye kibatari na kusema sola ni utapeli. Basi mchanganyaji wa petroli hajatoweka, amebadilisha bidhaa tu.

Nikamwambia mpwa wangu: tusome maandishi. Taa moja ilikuwa na betri ya duara, ya upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, imeandikwa mAh 9900. Huo ni uongo, kwani hata viwanda hodari havijafikisha nusu ya kiasi hicho katika betri ya ukubwa huo. Hesabu ya kweli ni nyepesi: betri ya lithiamu ya volti 3.7 yenye mAh 2000 inabeba wati-saa 7.4. Taa ya wati moja itawaka saa sita hadi saba, basi. Anayekuahidi usiku tatu kwa mwanga mkali, mwulize nguvu hiyo inatoka wapi.

Pili, taa ichajiwe kwa njia zaidi ya moja: kwa sola mchana, na kwa umeme wa gari injini inapokuwa inafanya kazi. Tatu, isiachwe juu ya dashibodi juani, kwa maana joto huua betri ya lithiamu. Nne, mwanga wenye rangi ya manjano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wa buluu. Na tano, kandili au jiko lisiwashwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata kama taa zote zimekufa. Moto hula hewa na kutoa gesi isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki kuieleza.

Duka la kwanza lilikataa kutuwashia taa tuione, wala halikutaka kutoa risiti. Tukaondoka. La pili lilituwashia, likaandika dhamana ya mwaka mmoja kwenye risiti. Kijana akanunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikifa asibaki gizani na wageni wake. Alilipa zaidi ya alivyokusudia, na njiani alinung'unika kidogo.

Nikamweleza habari za mama mkubwa. Hakuwahi kuzisikia. Akanyamaza mpaka tulipofika kituoni, kisha akasema, "Kumbe yeye naye aliuziwa tu, mjomba."

Naam, aliuziwa tu. Ndugu msikilizaji, kabla hujatoa fedha yako, omba iwashwe, soma maandishi, dai risiti. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini gizani hata mwenye macho huhitaji taa iliyo ya kweli.