Leseni na vibali vya maonyesho ya fataki nchini Marekani

Leseni na vibali vya maonyesho ya fataki nchini Marekani ni idhini zinazotolewa na ngazi mbalimbali za serikali kwa makampuni na mafundi wanaorusha fataki kubwa hadharani, hasa usiku wa tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa nchi hiyo, na katika mkesha wa Mwaka Mpya. Hakuna karatasi moja inayotosha. Serikali kuu humchunguza mtu na baruti anayoishika, jimbo hupima ujuzi wake, na kikosi cha zimamoto cha mji au kaunti hukagua uwanja wenyewe. Idhini ya serikali kuu ndiyo yenye sifa na inayoandikwa zaidi, lakini kibali cha zimamoto ndicho kinachomlinda mtazamaji moja kwa moja, kwa kuwa hutolewa na mtu aliyekanyaga mahali ambapo fataki zitarushwa.

Madaraja ya fataki

Sheria huanza na bidhaa kabla ya kumfikia mrushaji. Fataki zinazouzwa dukani ni za daraja la 1.4G, namba 0336 katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatari. Fataki za maonyesho ni za daraja la 1.3G, namba 0335. Humo huingia fataki za mshindo zenye zaidi ya miligramu 130 za kilipuzi, makombora ya angani yenye zaidi ya gramu 40 za mchanganyiko wa baruti, na vingine vyote vinavyozidi kiwango cha dukani. Namba 0431 ni ya vifaa vya kitaalamu, kama vile chemchemi za cheche zinazotumika jukwaani.

Kosa la kuweka bidhaa katika daraja lisilo lake ni kosa la hatari kuliko lolote katika fani hii. Tarehe 13 Mei 2000 ghala la fataki lililokuwa katikati ya makazi ya watu mjini Enschede, Uholanzi, lililipuka na kuua watu 23, wanne kati yao wakiwa askari wa zimamoto. Ilibainika baadaye kwamba ndani yake mlikuwa na mzigo mkubwa na mkali kuliko ule uliotajwa katika kibali. Nchini Marekani daraja huthibitishwa na Wizara ya Uchukuzi, ambayo huipa kila fataki ya maonyesho iliyoidhinishwa namba inayoanza na herufi EX. Shehena isiyo na namba hiyo haisafirishwi kihalali, na jambo hilo huwahusu zaidi waagizaji, maana sehemu kubwa ya fataki hutoka China, hasa Liuyang katika jimbo la Hunan.

Idhini ya serikali kuu

Msimamizi wa vilipuzi ni idara ya serikali kuu ya Pombe, Tumbaku, Silaha na Vilipuzi, inayojulikana kwa herufi ATF. Msingi wa mamlaka yake ni sheria ya 1970, iliyopitishwa kipindi ambacho mabomu ya kisiasa yalikuwa yakilipuka mara kwa mara mijini. Kwa miaka zaidi ya thelathini mtu aliyenunua na kutumia vilipuzi ndani ya jimbo lake hakuhitaji kibali cha serikali kuu. Mwanya huo ulizibwa na Sheria ya Vilipuzi Salama ya Novemba 2002, moja ya sheria zilizofuata mashambulizi ya Septemba 2001. Tangu tarehe 24 Mei 2003 kila anayepokea fataki za 1.3G lazima awe na leseni au kibali, hata kama muuzaji ni jirani yake.

Leseni ni ya mtengenezaji, mwagizaji au mfanyabiashara wa vilipuzi. Ada yake ni dola 200 kwa miaka mitatu, na kuihuisha ni dola 100. Kibali cha mtumiaji ni cha yule anayenunua ili arushe tu bila kuuza. Hugharimu dola 100 kwa miaka mitatu. Kipo pia kibali chenye mipaka, cha dola 25 na cha mwaka mmoja, kinachomruhusu mwenye nacho kupokea vilipuzi mara sita tu, ndani ya jimbo analoishi. Mji unaokodi kampuni hauhitaji kibali cha ATF mradi wafanyakazi wa kampuni ndio wanaoleta fataki, wanaozitunza na wanaozirusha.

Ada hizo ni ndogo. Uzito uko kwenye uchunguzi wa watu. Mwombaji awe na umri wa miaka 21 au zaidi, na kila mwenye mamlaka ya kuamua sera za kampuni kuhusu vilipuzi hutoa picha na alama za vidole. Wafanyakazi wanaoshika fataki huorodheshwa kwa majina, nao hukaguliwa kumbukumbu zao. Sheria humkatalia aliyehukumiwa kwa kosa linaloweza kumpa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, aliye na mashtaka ya aina hiyo, anayetoroka mkono wa sheria, mtumiaji wa dawa za kulevya, aliyefukuzwa jeshini kwa fedheha, aliyeukana uraia wa Marekani, na wageni wengi wasio na ukaazi wa kudumu. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba ATF haimpimi mtu ufundi. Mwenye kibali chake anaweza kuwa msafi kisheria na bado asijue kufunga mtutu wa kurushia makombora.

Ghala na vitabu

Kabla ya kutoa leseni, mkaguzi hutembelea ghala. Fataki za 1.3G hutunzwa katika maghala ya aina zilizoainishwa, yenye kuta na milango isiyovunjika kirahisi na kufuli mbili au mfumo unaolingana nazo. Umbali kutoka nyumba za watu, barabara kuu na reli hutegemea uzito wa mzigo uliomo. Majani na vichaka hufyekwa hadi futi 25 kuzunguka ghala, na kiberiti, sigara au moto wowote ni marufuku ndani ya futi 50. Mwenye ghala huliangalia angalau mara moja kila siku saba, huandika kila siku kilichoingia na kilichotoka, na hutunza kumbukumbu hizo kwa miaka mitano. Wizi au upotevu huripotiwa ndani ya saa 24 tangu ugundulike. Zimamoto wa eneo hilo nao huarifiwa kwa mdomo siku ileile vilipuzi vinapoanza kuhifadhiwa, kisha kwa maandishi ndani ya saa 48, ili wakiitwa kuzima moto wajue kinachowasubiri nyuma ya mlango.

Leseni za majimbo

Hapa utaratibu hutofautiana sana. California humpa leseni fundi mwenyewe kupitia ofisi ya mkuu wa zimamoto wa jimbo, kwa madaraja yanayotenganisha mrushaji wa maonyesho ya nje, mtaalamu wa athari za sinema na mtu wa jukwaani. Mwombaji hufanya mtihani na kuonyesha uzoefu. Texas nayo hutoa leseni kwa mrushaji na kudai kwamba awe amewahi kusaidia maonyesho chini ya fundi mwenye leseni. Massachusetts, jimbo lililopiga marufuku fataki zote za dukani, huruhusu maonyesho ya kitaalamu kwa fundi mwenye cheti cha umahiri.

Kibali cha eneo

Kibali hiki hutolewa kwa onyesho moja, mahali pamoja, usiku mmoja. Ombi hupelekwa kwa zimamoto, na California hudai siku zisizopungua 10 kabla ya onyesho. Huambatana na orodha ya makombora kwa ukubwa na idadi, jina la fundi mkuu na leseni yake, hati ya bima na mchoro wa uwanja. Ofisa mzoefu huanza na mchoro.

Kanuni inayofuatwa na sehemu kubwa ya nchi ni NFPA 1123, ya Chama cha Kitaifa cha Kinga dhidi ya Moto. Moyo wake ni umbali. Kila inchi moja ya kipenyo cha kombora hudai futi 70, yaani takribani meta 21, kati ya mtutu uliosimama wima na watazamaji. Kombora la inchi 3 lataka futi 210, la inchi 6 futi 420, na la inchi 12 futi 840, ambazo ni kama meta 256. Kukiwa na hospitali au gereza karibu, umbali huzidishwa mara mbili. Kwa hiyo ukubwa wa onyesho hauamuliwi na mfuko wa mlipaji. Uwanja wa shule wenye nafasi ya futi 300 upande ulio mfinyu utapata makombora ya inchi 4, yanayohitaji futi 280. La inchi 5 litakataliwa, kwa kuwa linahitaji futi 350. Mkaguzi huthibitisha jambo hili kwa miguu, akipima kutoka mahali mitutu itakapochimbiwa hadi kamba ya watazamaji, maegesho ya magari na paa la karibu. Mchoro uliosahau kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara hurudi kwa mwombaji.

Siku yenyewe mkaguzi hurudi kabla ya giza. Hutazama kama mitutu imesimama imara, kama fremu zinazoibeba zimefungwa zisipinduke moja ikipasuka, na kama waliopo ni wale walioorodheshwa. Ana mamlaka ya kusimamisha onyesho upepo ukizidi au watu wakivuka kamba. Baada ya kombora la mwisho eneo hukaguliwa kutafuta makombora yaliyoanguka bila kulipuka, na onyesho likiwa la usiku ukaguzi hurudiwa mara tu kunapopambazuka. Sharti hili la asubuhi ndilo linalowakinga watoto, wanaopenda kuokota masalio.

Matukio mawili yaonyesha thamani ya kamba na fremu. Tarehe 4 Julai 2012 hitilafu ya kompyuta jijini San Diego ililipua kwa pamoja, chini ya dakika moja, onyesho lililopangwa kudumu takribani dakika 18. Fataki zilikuwa juu ya matishari ghubani, mbali na umati, na hakuna aliyeumia. Mwaka uliofuata, siku kama hiyo, katika mji wa Simi Valley uliomo jimbo hilohilo la California, mitutu ilipinduka wakati wa onyesho na makombora yakaelekea kwa watazamaji. Zaidi ya watu 20 walijeruhiwa.

Barabara, maji na anga

Gari linalobeba fataki za 1.3G huwekwa mabango ya vilipuzi hata mzigo ukiwa mdogo. Dereva wake huwa na leseni ya biashara yenye idhini ya bidhaa hatari, ambayo haitolewi bila kuchunguzwa na vyombo vya usalama, na bima ya magari makubwa ya mzigo huo hufikia dola milioni 5.

Onyesho la majini huhitaji idhini ya Walinzi wa Pwani, ambao ombi jipya hutakiwa kuwafikia siku 135 kabla. Wao hutangaza eneo ambalo vyombo haviruhusiwi kuingia. Mwaka 2011 bodi ya ubora wa maji ya San Diego ilianza kudai kibali cha utiririshaji kwa fataki zinazorushwa juu ya maji, kwa sababu ya kemikali ya perkloreti na metali zinazobaki. Karibu na viwanja vya ndege, mamlaka ya anga huarifiwa ili marubani wapewe taarifa.

Maonyesho ya ndani

Vifaa vya namba 0431 havihitaji leseni ya ATF, na wengi wamedhani kwa hiyo havihitaji chochote. Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station mjini West Warwick, Rhode Island, chemchemi za cheche za bendi ya Great White ziliwasha sponji ya kuzuia sauti iliyobandikwa ukutani nyuma ya jukwaa. Moshi mweusi ulijaa kwa muda mfupi, watu wakabanana kwenye mlango wa mbele, na 100 wakafa. Hakukuwa na kibali chochote cha kuwasha fataki hizo. Ombi lingefika zimamoto, mkaguzi angelazimika kuitazama ile sponji. Kanuni ya NFPA 1126, inayohusu fataki mbele ya hadhira iliyo karibu, hudai mpango ulioandikwa, jaribio mbele ya ofisa, na watu wenye vizimamoto wakisubiri pembeni.

Nchi nyingine

Umoja wa Ulaya hutumia madaraja ya F1 hadi F4 chini ya agizo la 2013, na F4 ni ya wenye ujuzi maalumu pekee. Uingereza hutumia madaraja hayohayo bila kuwa na leseni ya kitaifa ya mrushaji. Nchini Kenya fataki husimamiwa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115.

Hali ya sasa

Tarehe 1 Julai 2025 ghala la fataki lililipuka Esparto, California, na kuua watu saba. Kutokana na mlipuko huo, miji kadhaa ilifuta maonyesho yake ya Julai 4 mwaka huo. Baadhi ya miji inahamia kwenye droni zenye taa, ambazo nazo zina idhini yake: rubani mmoja haruhusiwi kuendesha zaidi ya droni moja kwa wakati mmoja bila msamaha wa mamlaka ya anga.