Shahada ya Muziki Huuzwa Soko Gani?

Mwaka 2019 chama cha MCSK, kilichokuwa kikikusanya mirabaha ya watunzi nchini Kenya, kiliwagawia wanachama wake 13,967 kiwango kimoja: shilingi 2,530 kila mmoja. Wanamuziki walikuja juu, na walikuwa na sababu. Aliyehitimu chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) hulipa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na akikwama hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mgao ule ungemlipia faini ya nusu mwezi tu.

Mzazi akiiona hesabu hiyo ataona ni heri mwanawe asomee uhasibu. Lakini hesabu yenyewe ina kasoro: inachukulia kwamba shahada ya muziki humwandaa mtu kuishi kwa nyimbo zake. Soko la nyimbo halijawahi kudai cheti. Bien-Aimé Baraza wa kundi la Sauti Sol alisomea uanahabari. Eric Wainaina, kweli, alisomea muziki Berklee kule Boston, ila Wakenya walikuwa wamekwisha kumjua kupitia kundi la Five Alive. Kumpima mhitimu wa muziki kwa mizani ya nyota wa jukwaani ni kumwonea.

Kinachouzwa na shahada ni ufundi mwingine: kusoma na kuandika noti, kupanga sauti, kuongoza kwaya, kufundisha. Kenya ilipokaribia uhuru mwaka 1963, kazi ya kutunga wimbo wa taifa ilikabidhiwa watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, nao wakaujenga juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto. Akina mama wa Kipokomo ndio waliokuwa na lahani. Jopo lilikuwa na ujuzi wa kuigawa kwa sauti na kuiandikia bendi. Ujuzi huo ungali na wanunuzi: makanisa, bendi za polisi na za jeshi, na zaidi ya wote shule, ambazo hushindana katika tamasha la taifa la muziki lililoanza mwaka 1927 na kila msimu husaka mtu wa kuzinoa kwaya zao.

Upande wa gharama, ada ni sehemu tu. Mwaka 1966 wanauchumi William Baumol na William Bowen walionyesha kwa nini sanaa za jukwaani huzidi kuwa ghali: kipande kilichotungiwa wapigaji wanne karne mbili zilizopita kinahitaji wapigaji wanne hadi leo, na dakika zilezile. Darasa la muziki lina ugonjwa uo huo. Mhadhiri wa sheria anaweza kuwahutubia wanafunzi 300 kwa pamoja. Mwalimu wa fidla humkalisha mmoja, akamsikiliza, akamrekebisha mkono. Chuo kilichobanwa kifedha hushawishika kuzipunguza saa hizo, na mwanafunzi akajikuta akitafuta mwalimu wa pembeni, pamoja na nyuzi, ala ya kukodi na nauli ya kuifuata. Gharama hizo hazionekani kwenye barua ya kuitwa chuoni.

Uingereza imewahi kupiga hesabu ya namna hii hadi mwisho. Taasisi ya utafiti wa fedha ya IFS ilichapisha mwaka 2020 makadirio ya mapato ya maisha yote ya wahitimu, ikiwalinganisha na wenzao wa hali kama yao ambao hawakwenda chuo. Kwa wanaume waliosomea sanaa bunifu, faida ilikuwa sifuri au chini yake. Takwimu hizo zisibebwe nzimanzima hadi Nairobi, kwa kuwa zinauchanganya muziki na sanaa nyingine na soko la ajira ni tofauti. Zinachothibitisha ni kwamba swali la mzazi si la mtu asiyethamini sanaa.

Kwa Kenya, uzito wa hesabu uko katika jambo linaloonekana dogo: jina la shahada. Vijana wawili wanaweza kuketi darasa moja la nadharia na kupiga kinanda kilekile. Mmoja anasomea shahada ya muziki. Mwenzake anasomea shahada ya elimu, muziki ukiwa somo lake la kufundishia pamoja na somo la pili, tuseme Kiswahili. Wa pili akihitimu anaweza kusajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Wa kwanza, akitaka kazi hiyo, hurudi chuoni kutafuta stashahada ya uzamili katika elimu, kwa ada nyingine na muda mwingine bila mshahara. Tofauti hiyo huamuliwa na kijana wa miaka kumi na minane anayejaza fomu, mara nyingi bila mtu wa kumweleza.

Wakati wa kumweleza ni sasa. Mtaala mpya umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu, na Wizara ya Elimu imelenga asilimia 15 ya wanafunzi waufuate. Kwa hiyo idara za muziki ziandike wazi katika maelezo ya kozi, kabla ya orodha ya ala na ensembo, ni shahada ipi inayomfikisha mhitimu kwenye usajili wa TSC na ipi isiyomfikisha.