Zima, Kisha Washa

Kila anayehesabika kuwa fundi wa kompyuta katika ukoo wake anaijua dawa ya kwanza: zima, kisha washa. Watu huicheka, wakidhani ni dawa ya mtu asiyejua ugonjwa. Hata hivyo, tovuti nyingi tunazozifungua usiku wa manane ziko hai kwa dawa hiyo hiyo, tena bila mkono wa mtu. Ndani ya seva inayobeba tovuti huwekwa programu ndogo ya mlinzi. Kila baada ya dakika chache hupita ikibisha hodi: kwa Apache inayotoa kurasa, kwa MySQL inayotunza data, kwa Exim inayosafirisha barua pepe. Isiyoitika, huwashwa upya.

Wazo hili ni la zamani kuliko tovuti zenyewe. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa wanashuka mwezini, kompyuta ya chombo chao ilianza kutoa ishara ya hatari namba 1202. Ilikuwa imezidiwa. Rada moja ilikuwa inaila nguvu bila faida, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 4 hivi tu. Lakini waandishi wa programu zake, kule MIT, walikuwa wamejiandaa kwa siku kama hiyo. Kompyuta ilijianzisha upya, ikaziacha kazi ndogo, ikaishika tena kazi ya kutua pale ilipoachia. Ilifanya hivyo zaidi ya mara moja, na chombo kikatua salama.

Miaka ya 1980 wazo hilo liliingia kwenye seva za kawaida. Katika Unix ya System V, msimamizi wa mashine aliweza kuandika neno moja, respawn, mbele ya jina la programu. Ikifa, mfumo unaianzisha tena. Linux ikairithi desturi hiyo pamoja na mpaka wake: programu ikianzishwa zaidi ya mara 10 ndani ya dakika 2, mfumo unaiacha kwa dakika 5. Huko Sweden, mwaka 1986, Joe Armstrong na wenzake katika kampuni ya Ericsson walianza kuijenga lugha ya Erlang kwa ajili ya mitambo ya simu. Falsafa yao ilikuwa fupi: acha ianguke. Programu hugawanywa vipande vidogo, vingine vikifanya kazi, vingine vikisimamia. Msimamizi akishindwa kumfufua mtoto wake kwa mara alizopewa, naye hujizima, na kesi hupanda kwa mkubwa wake. WhatsApp ilijengwa juu ya lugha hiyo.

Hapo ndipo penye fundisho ninaloliona katika historia hii. Kila aliyebuni njia ya kufufua alibuni pia mpaka wa kufufua, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua. Huduma inayoanguka kila saa na kuinuliwa kila saa humwonyesha mteja tovuti nzima, huku ndani kumbukumbu inavuja au diski inajaa.

Mfano wake bora uko Mirihi. Chombo cha Pathfinder kilitua huko tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Saa ya ulinzi ilikuwa inaona kazi moja muhimu imechelewa, inaanzisha upya mfumo wote, na shughuli zilizobaki za siku hiyo zinaahirishwa. Saa ilikiokoa chombo, haikukitibu. Wahandisi wa JPL, California, waliiendesha pacha wa kompyuta hiyo maabara huku wakirekodi kila hatua, mpaka kosa likajirudia mbele ya macho yao: kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilikuwa imeshikilia kitu ambacho kazi kubwa ilikuwa inakisubiri, na kazi ya kati ikaipita na kuinyima nafasi ya kukiachia. Wakatuma rekebisho dogo hadi Mirihi.

Leo seva nyingi za Linux zinaendeshwa na systemd, iliyoanza mwaka 2010. Mpangilio wake wa kawaida ni mkali zaidi: huduma ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10, haianzishwi tena. Inaandikwa kuwa imeshindwa, kumbukumbu za mwisho zinahifadhiwa, na mashine inamsubiri mtu aje kuzisoma.