Fulusi za Sultani, Dukati ya Hayek

Neno fulusi tulilipokea kutoka Kiarabu, na kufilisika nako kumetoka shina lilo hilo. Muflisi, kwa maelezo ya wanaleksika wa zamani, ni yule aliyebakiwa na vijisarafu vya shaba baada ya dhahabu na fedha kumwishia.

Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri, aliiona shaba hiyo kwa macho yake. Mwaka 1399 aliteuliwa muhtasibu wa Cairo, mkaguzi wa mizani na bei sokoni. Miaka michache baadaye njaa na tauni viliupiga mji, na bintiye akafa. Kitabu alichokiandika mnamo 1405 hakimsingizii Mungu. Kinawataja maofisa wa Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati huo, walionunua vyeo kwa rushwa, kisha wakaenda kujirudishia gharama kwa wakulima. Kinaitaja pia serikali iliyoagiza shaba Ulaya na kufyatua fulusi hadi ujira na bei vikahesabiwa kwa shaba tupu. Dirhamu za fedha ziliyeyushwa zikawa mapambo.

Karne tano baadaye mwanauchumi Hayek, mzaliwa wa Vienna wa 1899, alianzia kazi katika ofisi ya serikali wakati pesa ya Austria inaporomoka, mshahara ukipandishwa kila mara na bei zikiukimbia. Mwaka 1976 alichapisha London kijitabu kinachotaka serikali zipokonywe haki ya pekee ya kutoa pesa: benki binafsi zitoe za kwao, zishindane.

Kwa al-Maqrizi, ubaya ni mtu. Mwondoe mla rushwa, rudisha dhahabu na fedha, mambo yatatengemaa. Hayek angemuuliza: je, akija gavana wa benki kuu asiyeonja hongo? Kwa hoja yake ya 1945, hata huyo hawezi kuyakusanya mezani kwake maarifa yaliyotawanyika kwa mamilioni ya wauzaji na wanunuzi. Tena serikali yenye madeni haitaacha kumgongea mlango. Hapa Hayek ameona mbali zaidi. Ila muuza dagaa apambanue noti za benki kumi kabla ya kurudisha chenji? Jibu lake, kwamba magazeti yatatangaza viwango kila siku, ni la mtu ambaye hajawahi kukaa gengeni.

Alipotafuta jina la pesa yake ya mfano, Hayek alichagua dukati. Dukati ya Venice, yenye gramu 3.5 hivi za dhahabu tangu 1284, ilikuwa imekwishaenea Cairo ya al-Maqrizi. Wafanyabiashara waliipokea kwa kuihesabu tu; dinari za Sultani, ambazo uzito wake haukuaminika, ziliwekwa mizanini. Hakuna aliyewaamuru. Kweli, dukati nayo ilikuwa ya dola, si ya benki binafsi, na hilo linamtia Hayek doa. Lakini mwaka 1425 Sultani Barsbay alipotoa dinari mpya, ashrafi, uzito alioufuata ulikuwa karibu sawa na ule wa dukati.