Kifaa gani kinasikia rada kwa mbali? Historia fupi ya vita vya masikio



Yaya yangu anaendesha lori kutoka Lubumbashi kwenda Zambia kupitia Kasumbalesa. Siku moja aliniwekea mezani vikaboksi viwili alivyovitoa ndani ya magari ya okazioni. Vilikuwa vitambua-rada: kifaa kinanasa mawimbi ya rada ya polisi na kumlilia dereva mapema, ili apunguze mwendo.

«Mdogo, weye ulisomaka elektroniki,» akaniambia. «Gani iko na masikio makali?»

Niliona haya. Nilikuwa na diploma, hesabu ya rada niliikariri vizuri kwa mtihani, lakini swali lake sikuweza kulijibu. Basi nikaanza kusoma historia ya hivi vifaa, na nikakuta ni historia nzuri kwa kila mtu mwenye kupenda kulinganisha vitu.

Tuanze na rada yenyewe. Mwaka 1842 Christian Doppler alieleza kwamba wimbi hubadilika kama chanzo chake kinakukaribia ao kinakuachana. Polisi wa Marekani walianza kutumia jambo hilo barabarani mwishoni mwa miaka ya 1940: mashine inatupa wimbi, gari linalirudisha, na tofauti ya mawimbi mawili inatoa mwendo. Baadaye walitumia bendi ya X, gigahezi 10.525, kisha bendi ya K, gigahezi 24.150, kisha Ka iliyo juu zaidi.

Hapa ndipo dereva anapata faida yake. Wimbi la polisi linafanya safari mbili, kwenda na kurudi. Kitambua-rada kinasikia safari moja tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika kwa dereva inabaki robo, lakini mwangwi unaorudi kwa polisi unabaki sehemu moja juu ya kumi na sita. Ndiyo maana mwenye kuwindwa anamsikia mwindaji mbele mwindaji hajamwona.

Biashara iliwaka baada ya shida ya mafuta ya 1973. Mwezi wa kwanza 1974 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, karibu kilometa 88. Barabara ndefu, nyoofu, na polisi wenye rada: madereva walitafuta dawa. Dale Smith wa Ohio aliuza Fuzzbuster. Vifaa vya kwanza vilikuwa vyepesi kwa ufundi: antena na dayodi, basi. Polisi akikaa nyuma ya kilima, unamsikia kwa kuchelewa.

Mwaka 1978 mainjinia wawili, Jim Jaeger na Mike Valentine, walitoa Escort katika kampuni yao Cincinnati Microwave. Walichukua wazo la Edwin Armstrong la mwaka 1918, superheterodaini: ndani ya kifaa munakuwa redio ndogo inayotengeneza wimbi lake, inalichanganya na wimbi linaloingia, na tofauti yake inakuwa rahisi kukuza na kuchuja. Usikivu ukapanda sana. Majarida ya magari kama Car and Driver yakaanza kupanga vifaa mbalimbali kwenye barabara moja, na kuandika kila kimoja kinaanza kulia umbali gani.

Lakini tuangalie vizuri wale waliopima walijifunza nini. Kwenye barabara nyoofu, hata kifaa cha kati kinasikia mbali ya kutosha. Tofauti inaonekana kwenye kona na nyuma ya kilima, kule mawimbi yanafika yamevunjika vunjika. Tena, kwa ile hesabu ya juu, ukitaka umbali mara mbili unahitaji usikivu mara nne. Ni kazi ngumu kwa faida ndogo.

Na usikivu una deni lake. La kwanza ni kelele. Milango inayojifungua yenyewe kwenye maduka inatumia bendi zilezile. Hata vitambua-rada vingine vilivuja mawimbi na kuwaliza majirani. Leo magari mengi yanabeba rada za pembeni kwenye gigahezi 24. Masikio makali yanasikia yote hayo.

Deni la pili linanichekesha kila mara. Ile redio ndogo ya ndani, iliyoleta usikivu, nayo inavuja kidogo. Mwenye kusikiliza anasema pia! Sehemu kama Virginia, ambako vitambua-rada vimekatazwa, polisi walipata kifaa VG-2 cha kuwanasa wenye navyo. Kwa malori makubwa ya biashara, sheria ya Marekani inavikataza nchi nzima tangu 1994.

Kisha ikaja leza. Mwali wake, kwa mita 300, una upana wa karibu mita moja tu. Kifaa chako kikilia, mara nyingi umekwisha kupimwa. Usikivu hausaidii kama hakuna kitu cha kusikia mapema.

Valentine, aliyekuwa ameachana na mwenzake, alitoa Valentine One mwaka 1992. Akaweka antena mbili, ya mbele na ya nyuma, na mishale ya kuonyesha wimbi linatoka wapi. Kwangu mimi hapo ndipo swali lilibadilika. Zamani waliuliza: kinasikia mbali kiasi gani? Sasa wakauliza: kinaniambia nini juu ya kile kinachosikia?

Turudi kwa yaya. Tuliweka vikaboksi vyote viwili ndani ya gari, tukaenda kwenye supermaketi moja ya mjini yenye mlango wa kujifungua. Kimoja kililia tukiwa bado barabarani. Cha pili kilinyamaza mpaka tukafika parkingi, karibu na mlango.

«Nimeona,» yaya akasema. «Cha kwanza ndicho kikali. Nakichukua.»

Nikamweleza kila kitu nilichowaandikia hapa. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akachukua cha kwanza.

Baada ya majuma mawili nilipanda naye lori. Kifaa kilikuwa kimebandikwa kwenye kioo, taa yake inawaka na kuzimika, lakini kimya kabisa.

«Sauti nimeikata,» akaniambia. «Kilikuwa kinalia ovyo.»

Basi ndicho kilichokuwa na masikio makali kuliko kingine, na hakuna mtu aliyekisikiliza. Siku hizi nikisoma namba moja kubwa kwenye tangazo, ya simu, ya antena, hata ya asilimia kwenye diploma yangu mwenyewe, nakumbuka ile taa.

Na ninyi, wandugu, kwenye kazi yenu munapima nini, na munasahau kupima nini?