Kura Moja ya Chake Chake

Kila uchaguzi unapokaribia tunasikia watu wakiulizana, "Kura yangu moja itaongeza nini?" Nasi tumewahi kuuliza hivyo hivyo, hasa foleni ikiwa ndefu na jua kali. Leo natuvuke bahari kidogo, twende Pemba.

Mwezi wa Januari 1961, watu wa Unguja na Pemba waliwachagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Vyama vilikuwa vitatu: Afro-Shirazi, ZNP ambacho wengi walikiita Hizbu, na ZPPP. Kura za Chake Chake zilipohesabiwa, Afro-Shirazi walishinda kwa kura moja. Moja tu! Huenda alikuwapo mtu wa Hizbu aliyekaa nyumbani siku ile kwa sababu mbuzi wake amepotea. Sisi hatumjui, lakini tungependa kujua alilalaje usiku ule.

Maana tazameni hesabu. Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Wale watatu wakagawanyika: wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja kwa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Kama Chake Chake ingalikwenda upande wa pili, ingalikuwa 12 kwa 10, na neno lingalikwisha.

Basi uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni 1961, jimbo moja likiwa limeongezwa. Siku hiyo watu walishutumiana udanganyifu vituoni, fujo zikaanza mjini, zikaenea mpaka mashambani. Watu 68 waliuawa. Hatusemi kwamba kura ile moja ndiyo iliyowaua; chuki ilikuwa imepandwa zamani. Lakini bila kura ile, siku ile ya Juni isingalikuwako. Mwishowe Hizbu na ZPPP waliungana wakashika serikali.

Hata hivyo tusidanganyane. Julai 1963 walipiga kura tena, safari hii kwa viti 31. Afro-Shirazi walipata asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Kwa nini? Wafuasi wao walijazana katika majimbo machache, wakashinda huko kwa maelfu, na wenzao wakashinda kwingine kwa kura kidogo kidogo. Mtu wa majimbo yale yaliyojaa angeweza kutuambia, "Mimi nilisimama juani, na kura yangu haikuongeza kitu." Tungemjibu nini? Alisema kweli. Kura yake ilihesabiwa sawasawa. Mipaka ya majimbo ndiyo iliyoimeza. Na watu walio wengi wakiona hivyo, hawaendi kulala tu.

Serikali iliyotokana na hesabu hiyo ilipokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, kabla haijatimiza majuma matano ya uhuru.